Kufuli Halikuguswa

Mtu aliyetaka kujifunza wizi wa makufuli katika miaka ile hakuwa na haja ya kukaa na wezi. Angekaa jioni moja tu na dereva wetu. Angeambiwa kwamba msumeno wa chuma unakula taratibu lakini unapiga kelele, na mwizi mwoga hautaki. Angeambiwa kwamba mkasi wa kukatia vyuma, ule wenye mikono mirefu, unaitafuna shingo ya kufuli mara moja tena kimya, ila lazima upate nafasi ya kufungua kinywa. Mtaimbo wenyewe hauhangaiki na kufuli, unang'oa komeo. Tindo na nyundo ni za mwizi asiye na akili, "maana anagonga mwenyewe kengele ya kumkamatia." Dereva akifika hapo alinitazama kama mwalimu anayesubiri swali. Swali langu lilikuwa lile lile kila siku, kwamba ugali utaiva lini.

Mimi nilikuwa nesi mkunga, kijana bado, Mhaya wa ng'ambo ya pili ya ziwa kutoka Mwanza, na hasira zangu zilikuwa karibu kuliko viatu vyangu. Tulizunguka vijiji vya ujamaa vya ufukweni, kaskazini ya Mwanza, na zahanati ya magurudumu. Ilikuwa nyumba ndogo nyeupe iliyovutwa na Landrova, na wafadhili walioitoa waliiita karavani. Niliambiwa kwamba kwao watu huvuta nyumba ya namna ile hadi ziwani kwa hiari yao, wakalala humo, wakapika nje kama wachunga ng'ombe, wakarudi kazini wakisema wamepumzika. Nilicheka hadi nikakohoa. Yetu ilikuwa na kitanda cha kupimia, jokofu la mafuta ya taa, makabati ya dawa, na harufu ya spiriti isiyotoka. Mganga aliyetuongoza alibaki mjini na homa safari ile, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Dereva alilala ndani ya karavani akiilinda, nami nilipewa kitanda nyumbani kwa mama mmoja mjane pale kijijini.

Tusimcheke dereva bila kujua yaliyompata. Kabla sijajiunga na kazi ile aliwahi kulala njiani, pale Buhongwa, kwenye barabara ya Shinyanga, akachoka kama mtu yeyote anavyochoka. Alipoamka gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, magurudumu hayapo. Tairi miaka hiyo halikuwa kitu cha kununua dukani, lilikuwa kitu cha kuombea kibali na kungojea hadi watoto wakue. Wakubwa wa ofisi walimsimamisha kazi. Walimwita ofisini mara kwa mara kumuuliza kama hakuyauza mwenyewe. Hatimaye walimrudisha, lakini jina lake likabaki na doa, na kila alipopita karakana mtu alitafuta cha kusema kuhusu mawe. Wezi wale walisahau kitu kimoja tu pale Buhongwa, mkasi wao wa kukatia vyuma. Aliuchukua, akauweka kwenye sanduku la vifaa, na sanduku akalifunga kwa kufuli.

Tangu hapo alikuwa na jibu kwa kila chombo. Magurudumu aliyapitishia mnyororo. Betri ilikuwa na kifuniko na kufuli, tangi la petroli vivyo hivyo. Mlango wa karavani ndio alioupa moyo wake wote. Alimpelekea mchomeleaji mmoja mjini, Nyamagana, kipande cha bomba nene, likachomelewa kulizunguka kufuli ili mkasi usipate pa kuuma. Komeo lilitengenezwa kwa springi ya lori, chuma ambacho msumeno unateleza juu yake. Misumari ya komeo ilipita mlango mzima na kuchomelewa kwa ndani, mtaimbo ukavunje mgongo wa mwenye nao. Mkono wa mtu ungeingia ndani ya bomba kwa shida, ukiwa na ufunguo. Funguo zote zilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, chini ya shati, na sikuwahi kumwona akizivua hata anapooga ziwani.

Nilimwomba ufunguo wa pili wa mlango ule. Nilimwomba kwa upole, shikamoo mbele, kisha nikamwomba kwa ukali.

"Nesi," alisema, "ufunguo wa pili ndiye mwizi wa kwanza."

"Dawa ni zangu mimi, mzee. Wewe gari lako."

"Dawa zimo ndani ya gari. Ukitaka kitu, niite. Mimi niko hapa siku zote."

Na kweli alikuwa hapo siku zote, ila siku moja.

Mvua ilikuwa imekata barabara ya kurudi mjini, mto umepanda juu ya daraja la magogo, na petroli yetu ilikuwa imebaki ya kunusa. Jioni zikaja habari kwamba Nansio, kule kisiwani, petroli imeingia, na mtumbwi wa injini ungevuka kwenda huko alfajiri. Dereva alichukua madebe yake na kibali chake. Kabla ya kuondoka alimweka mlinzi, mzee mkavu wa kijiji, mwenye upinde, mtu wa maneno machache. Nilikuwa naosha uso uani nikamsikia akimpa maagizo. "Asiguse mtu kufuli hili. Asiwe mwenyekiti, asiwe balozi wa nyumba kumi, asiwe nesi. Mkono ukigusa, piga mwano."

Mwano ni ukelele wa hatari wa Wasukuma. Haupigwi ovyo. Ukipigwa, kila mwenye miguu huacha alichoshika, au hukimbia nacho, hadi mahali ulikotokea, na anayebaki nyumbani atajieleza baadaye. Mwizi wa ng'ombe akiusikia huanza kusali.

Yule mlinzi alikuwa na sababu zake pia za kutii. Kabla ya sisi kufika, bwana shamba mmoja aliibiwa tairi akiwa amelala kijijini pale. Askari walikuja wakachukua wanaume waliowakuta, bila kuchagua, na mtoto wa mlinzi akiwa miongoni mwao. Alirudi na sikio lisilosikia. Kwa hiyo mzee alipotandika ngozi yake mbele ya mlango wa karavani na kuweka upinde magotini, hakuwa anacheza.

Mama mwenyeji wangu alikuwa na binti aliyekuja kujifungulia kwake, kama desturi. Mumewe alikaa upande wa pili wa kijiji. Binti alikuwa mcheshi, mwenye mwanya, aliyenitania kila jioni kwamba Wahaya tunatembea kama tumebeba mayai kichwani. Asubuhi ile uchungu ulimjia. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda shamba la kijiji, nyuma ya vilima vya mawe, kupalilia pamba. Ilikuwa siku ya wote, wazima kwa wagonjwa nusu. Tulibaki sisi watatu nyumbani, na kuku.

Alijifungua vizuri. Nilikuwa na mikono yangu, wembe mpya niliouchemsha, uzi na maji moto. Mkoba wangu wa uzazi ulikuwa karavanini, kwa sababu dereva hakuruhusu hata pamba ilale nje. Mtoto wa kike alilia mara moja kwa nguvu, kondo likatoka zima, bibi yake akapiga vigelegele peke yake mle ndani, na mimi nikaanza kufikiria chai.

Kisha damu ikaanza kuja, na haikuja kwa kishindo. Ilikuja kimya kimya, kwa kudumu, ikaupita mkeka na kuingia kwenye udongo. Nilimsugua tumbo, nikamweka mtoto kwenye titi, nikasugua tena. Mji wa mimba ulijikaza chini ya mkono wangu, ukalegea, ukajikaza kidogo, ukalegea. Dawa ya kuukaza ilikuwa moja, sindano moja ndogo, na ilikuwa ndani ya jokofu, ndani ya karavani, nyuma ya kufuli. Kutoka mlangoni pale niliiona karavani ikimeta juani.

"Weka mkono hapa, mama," nilimwambia mwenyeji wangu. "Sugua hivi. Kwa nguvu. Usiache hata akikuomba uache."

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja."

Binti alinitazama akasema, "Nesi, leo unakimbia kama Msukuma." Nilicheka ili asiogope. Nilipotoka nje nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Mlinzi aliniona nikija mbio na damu hadi viwikoni, akasimama. Nilimweleza. Sikumweleza vizuri, nilikuwa nahema, lakini alielewa, nilimwona usoni kwamba alielewa. Akatikisa kichwa.

"Kufuli ya selikali haivunjwi bila mashahidi," alisema. "Balozi awepo. Watu wawepo."

"Watu wako shambani, baba! Atakufa!"

"Nimfuate balozi?"

Nilitazama vile vilima. Mzee yule kwenda na kurudi, damu isingengoja. Nikamwambia, basi piga mwano, waje wote.

Alionekana kama nimemtukana. "Mwano ni wa mwizi. Ni wa simba. Ni wa moto. Mwanamke anazaa, nipige mwano? Kesho nani ataukimbilia?"

Sijui akili ile ilitoka wapi. Nadhani haikuwa akili, ilikuwa hasira. Niliokota jiwe, kubwa la kunijaa mikono miwili, nikampita, nikalipiga lile bomba la chuma juu ya kufuli kwa nguvu zangu zote. Karavani ilitetemeka. Bomba halikubonyea hata kidogo.

"Haya," nikamwambia. "Mimi ni mwizi. Naiba mali ya serikali mchana kweupe. Piga mwano."

Tukatazamana. Mkono wake ulikwenda kwenye mshale, ukakaa hapo. Nikainua jiwe tena na kupiga mara ya pili. Yule mzee akafumba macho, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Sauti ile ilinitoa jasho la baridi, ingawa mimi ndiye niliyeitaka. Ilipanda ikagonga mawe ya vilima ikarudi, akaipiga tena, na kutoka upande wa shamba ikaitikiwa, kisha ikaitikiwa na nyingine mbali zaidi. Niliendelea kupiga. Jiwe lilipasuka nikachukua lingine. Nilijaribu kijiti cha chuma cha jiko letu nje, nikakiingiza chini ya komeo, kikapinda kama mkia wa nguruwe. Kwa kila nilichokijaribu niliisikia sauti ya dereva ikinieleza kwa nini hakitafaa. Mkasi wa kukatia vyuma ulikuwepo, tena mzuri, wa wezi wenyewe. Ulikuwa kwenye sanduku, chini ya kufuli lake.

Walitokea juu ya kilima wote kwa pamoja, wanaume mbele, wanawake nyuma, majembe mabegani na mengine mikononi. Sijawahi kuona watu wengi vile wakinijia mimi. Wa kwanza kufika alinishika mkono uliokuwa na jiwe akanipindua. Mwingine alikuwa amekwisha inua mpini. Nilipiga kelele jina la ukoo wa yule mama, nikapiga kelele "damu," nikapiga kelele "dawa iko ndani," Kiswahili changu chote kikanipotea nikasema Kihaya. Mlinzi ndiye aliyesimama mbele yangu.

"Mwizi ndiye huyu," aliwaambia, "lakini msikilizeni."

Balozi alifika akihema, akasikia, hakumaliza kusikia. "Vunjeni! Mimi shahidi!"

Mume wa binti alikuwa miongoni mwao. Sikumjua ni yupi hadi nilipomwona akiliendea kufuli kama anayekwenda kupigana na mtu. Alipiga kwa jembe, jembe likavunjika shingoni. Wakaleta shoka, likatoka limepinda makali. Wanaume watatu walining'inia kwenye mpini mmoja wakilisukuma komeo, mpini ukakatika wakaanguka wote. Dereva angekuwepo angefurahi. Nakumbuka niliwaza hivyo, na nikamchukia.

Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa bado na mtoto mgongoni, akasema nyuma yetu, "Nyie wanaume mnapigana na mlango. Ukuta je?"

Hakungoja jibu. Aliinua jembe akalishusha ubavuni mwa karavani, na jembe likazama hadi mpini. Ulikuwa bati laini la kung'aa na ubao mwembamba wa ndani, basi. Nyumba nzima ilikuwa hivyo, kopo la maziwa lenye mlango wa benki. Walipiga mara chache tu, wakavuta kwa mikono, tundu likawa la kupita mtu. Niliingia kichwa mbele. Kingo za bati zilinichana mikono yote miwili na sikuhisi. Nikachukua dawa, nikachukua sindano iliyochemshwa jana, chupa ya maji ya mshipa iliyobaki, nikatoka nilikoingia, nikakimbia, na watu wakanipisha njia.

Mama yake alikuwa bado anasugua. Hakuwa ameacha, kama nilivyomwambia. Nilichoma sindano. Niliusikia mji wa mimba ukijikunja chini ya kiganja changu, ukawa mgumu kama unavyotakiwa kuwa, na damu ikasimama. Ilisimama kabisa. Dawa ilifanya kazi yake yote. Ila midomo ya binti ilikuwa imekwisha kuwa na rangi ya majivu, na mshipa wa kuingizia maji niliutafuta mkono huu, nikautafuta mkono ule, nilipoupata ulikuwa hauna kitu cha kupokelea. Aliuliza mtoto yuko wapi. Tukamwekea kifuani. Alikufa hivyo, jua likiwa juu kabisa ya nyumba.

Sikulia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba meno yaliniuma.

Nje watu walikuwa wamejaa uani, wakiwa bado na majembe. Walielewa kutokana na ukimya wetu. Wanawake wakavuta pumzi ya kuanza kulia, na mama akatoka mlangoni akainua mkono. "Bado," alisema. "Sijamwosha."

Kwa hiyo ilikuwa kimya, na kwa sababu ilikuwa kimya sote tuliisikia injini ya mtumbwi.

Mume wa binti aligeuka kuelekea ziwani. Alikuwa ameshika mpini uliokatika. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonitisha, "Mwano umepigwa. Mwizi ni nani?"

Akauliza tena, "Aliyefungia dawa ya mke wangu ni nani?" Vijana wakasogea upande wake. Sasa nilijua nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimekusanya kijiji kizima chenye silaha kwa neno mwizi, na mwizi hakuwepo, na dereva alikuwa anakuja na madebe yake. Nitasema kweli: nusu yangu ilitaka kukimbia kumwonya, na nusu yangu ilitaka wamfikie. Miguu haikujua imsikilize nani, ikabaki pale pale.

Alishuka majini amekunja suruali. Alikuwa anatabasamu, maskini, amepata petroli. Alipoona watu wakiteremka ufukweni alidhani wanakuja kumsaidia madebe. Kisha akaona jinsi walivyoshika majembe, tabasamu likaanza kumtoka polepole.

Mama alinipita. Sikuwahi kumwona akitembea haraka. Alipita katikati ya wale vijana akiwasukuma kwa mabega, akaingia maji ya magoti, akamshika dereva mkono mbele ya watu wote. Nguo yake ilikuwa na damu ya mwanawe, akaikusanya mbele kwa mkono wa pili.

"Pole na safari, mwanangu," alimwambia. "Wezi wamekuja. Wametoboa ubavu wa gari lako. Mlango umewashinda."

Dereva alitazama nyuso zote. "Wezi?"

"Wezi. Hawa wamewafukuza. Ndiyo maana unaona majembe."

Kijiji kizima kilisikia uongo ule, na hakuna mtu angeweza kumwambia mama yule, siku ile, kwamba anasema uongo. Mkwe wake alifungua mdomo. Mama alimtazama tu. Mpini ulishuka kidogo kidogo hadi ukagusa mchanga.

Dereva alikwenda moja kwa moja karavanini, sote nyuma yake. Hakulitazama tundu kwanza. Aliliendea kufuli, akapitisha kidole juu ya bomba, akaona alama za mawe na majembe, akavuta kamba shingoni, akaingiza ufunguo, kufuli likafunguka bila kelele kama lilivyofunguka kila siku. Alitugeukia, na uso wake ulikuwa umejaa kitu ambacho nadhani alikuwa anakingoja tangu Buhongwa.

"Halikuguswa," alisema. "Mmeona? Halikuguswa."

Kisha ndipo alipolitazama tundu.

"Walichukua nini?" akauliza.

"Kidogo tu," alisema mama. "Kisha sasa nina msiba, baba. Binti yangu, uzazi. Niruhusu nikamwoshe." Akageuka akaenda, na alipofika mlangoni kwake akawapa wanawake ruhusa, kilio kikaanza.

Dereva alivua kofia. Aliniuliza kwa sauti ya chini imekuwaje, nikasema damu. Nilikuwa nimekunja mikono, lakini nilipoikunjua kuchukua beseni aliiona. Ilikuwa imechanwa kuanzia viganjani hadi juu ya viwiko, michirizi sambamba, jinsi bati linavyochana mtu anayeingia kichwa mbele. Alitazama mikono yangu. Alitazama tundu. Alirudia mikono. Hakuniuliza tena kitu, wala mimi sikumwambia.

Jioni nilimuuliza mama kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kama vile amenikosea mimi. Alikuwa amempakata mjukuu, akimlowesha midomo kwa maji ya uvuguvugu, akingoja mwanamke wa jirani mwenye maziwa.

"Wangemwua," alisema. "Askari wangekuja wakachukua wanaume wote, kama wakati ule wa tairi. Nani angemchimbia mwanangu kaburi?"

Kaburi lilichimbwa asubuhi, na dereva alikuwa wa kwanza kushika sururu. Mume wa marehemu alimwona, akamwacha achimbe. Baada ya maziko watu waliketi msibani, nami nilikuwa nimeketi na wanawake, tukasikia msumeno wa chuma. Ulilia, ukanyamaza, ukalia. Alikuwa amefungua sanduku lake, akaketi juu ya ile ngozi ya mlinzi mbele ya mlango wa karavani, anakata bomba lililochomelewa pale Nyamagana. Kufuli lenyewe alikuwa amelifungua kwa ufunguo, liko chini kwenye nyasi. Mkasi wa wezi haukumfaa kitu, kama alivyotufundisha, haukupata pa kufungua kinywa. Na ile springi ya lori ilimtesa, msumeno uliteleza juu yake siku nzima. Hakuna aliyemwambia anyamaze kwa heshima ya msiba. Alasiri mama alitoka akampelekea ugali na samaki, akauweka pembeni yake, akasimama akimtazama.

"Bado?" alimuuliza.

"Bado kidogo, mama," alisema, bila kuinua uso. Wakati ule ndipo nilipolia.

Maji ya mto yaliposhuka tulirudi Mwanza na tundu limezibwa kwa gunia, mlango umefungwa kwa kamba ya katani, fundo ambalo mbuzi angelifungua. Tulisimama Buhongwa? Hapana, haikuwa njia yetu, lakini naapa aliendesha kama mtu anayepita pale tena. Ofisini mkubwa wetu alizunguka karavani, akaliona tundu, akaona mlango hauna komeo, akakunja uso. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno ya mama yalikuwa tayari mdomoni mwangu, neno kwa neno.

"Wezi?" mkubwa aliuliza.

"Mmoja," dereva alisema kabla yangu.

"Alivunja kufuli?"

"Hapana, mzee." Alivua kamba ya kiatu shingoni, akaiweka mkononi mwangu pamoja na funguo zake zote, zikiwa na joto la mwili wake. "Alikuwa na ufunguo."